Kijana asiye na mwenza na mji mdogo: tunapima kitu kisichohusika

Tangu janga la Uviko-19 lilipowarudisha mamilioni ya wafanyakazi nyumbani na kompyuta zao mwaka 2020, miji midogo katika nchi nyingi imekuwa ikiwania vijana kwa nguvu isiyoonekana zamani. Mingine inasaidia kulipa mkopo wa masomo, mingine inatoa fedha taslimu. Mfano unaotajwa kuliko yote ni Tulsa, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, mji wa watu wapatao 400,000. Huko, tangu 2018, mpango unaofadhiliwa na mfuko wa hisani umekuwa ukitoa dola 10,000 kwa mtu anayefanya kazi kwa mtandao akikubali kuhamia na kukaa mwaka mmoja. Mjadala uliofuata umegawanyika pande mbili, kila upande ukiwa na uhakika kupita kiasi. Upande mmoja unasema kijana asiye na familia ndiye hasa anayefaa mji mdogo: kodi nafuu ya nyumba, barabara zisizo na foleni, watu wanaosalimiana. Upande wa pili unasema mji mdogo ni wa kulelea watoto na kuzeekea, na kijana mseja akienda huko amejizika akiwa hai. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinapima kitu kisichohusika. Zinabishania ukubwa wa mji, wakati linaloamua kama mgeni kijana atapata watu wake ni mwendo wa watu ndani ya mji huo: wangapi wanaingia na kutoka, na kama kuna mahali panapowakutanisha watu walewale tena na tena. Miji miwili yenye idadi sawa ya wakazi inaweza kupishana katika jambo hili kiasi kwamba mmoja unamkuza kijana na mwingine unamnyausha.

Kwanza tuondoe dhana kwamba kuishi mji mdogo ni kuishi pembeni mwa dunia. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2018 yalionyesha kuwa karibu nusu ya watu wote waishio mijini wako katika miji yenye wakazi chini ya 500,000, na ni mmoja tu kati ya wanane hivi aliye katika majiji yenye watu milioni 10 au zaidi. Hofu tulizonazo, za jiji na za mji mdogo, ni za zamani. Mwaka 1903 Georg Simmel, mwanasosholojia wa Berlin, aliandika kwamba mkazi wa jiji hujikinga na wingi wa mambo yanayomzonga kwa kuwa baridi na mwenye kuhesabu kila kitu. Mwaka 1938 Louis Wirth wa Chicago aliongeza kuwa ukubwa, msongamano na mchanganyiko wa watu hudhoofisha mahusiano ya karibu. Kutoka hapo wengi walifikia hitimisho ambalo halikuthibitishwa, kwamba basi mji mdogo hutibu upweke. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanasosholojia Claude Fischer aliwahoji watu zaidi ya 1,000 kaskazini mwa California, kuanzia vijiji hadi San Francisco, akakuta kwamba wakazi wa jiji hawakuwa wamepungukiwa na watu wa karibu. Tofauti ilikuwa ni watu gani. Katika sehemu ndogo ndugu walichukua nafasi kubwa zaidi; jijini, marafiki wa kuchaguana. Matokeo hayo husomwa kama habari njema kwa majiji, lakini kwa mada yetu yana maana nzito zaidi. Ikiwa nguzo ya maisha ya mji mdogo ni ukoo, basi mtu anayeingia peke yake, bila shangazi wala binamu hapo, anaingia katika nyumba ambayo nguzo yake kuu haimgusi. Mji unaomfaa mwenyeji unaweza usimfae mgeni hata kidogo, na sifa anazozitoa mwenyeji kwa moyo wote, akisema kweli tupu, zinaweza kumpotosha.

Hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa majiji ni ile ya kutafuta mwenza, nayo inastahili kupewa uzito wake. Mwaka 2010 wachumi Pieter Gautier, Michael Svarer na Coen Teulings walichapisha utafiti uliotumia takwimu za Denmark, wakaonyesha kuwa majiji hufanya kazi kama soko la wenza: wasio na wenza huvutiwa kwenda huko, ingawa nyumba ni ghali, kwa sababu huko hukutana na wengi; wakishaoana, wengi huona hawana tena sababu ya kulipia faida hiyo, wakahama. Penye wengi pana mengi, na anayetafuta mtu wa aina ya pekee, mwenye imani fulani, lugha fulani au mtazamo fulani wa maisha, anahitaji wingi huo kuliko mwingine yeyote. Anayepuuza hoja hii kwa kusema kwamba mapenzi hayana hesabu anamwonea kijana anayemshauri.

Hata hivyo hebu tuifuate hesabu yenyewe mpaka mwisho wake. Tuseme mji una watu 100,000, na mmoja kati ya saba yuko katika rika lako: hao ni 14,000 hivi. Nusu yao ni wa jinsia unayoitafuta: 7,000. Tuseme nusu ya hao tayari wana wenza: wanabaki 3,500. Chukua mmoja tu kati ya kumi, yule ambaye mnaweza kuelewana kwa elimu, imani na mwenendo, na bado una watu 350. Hakuna anayefika kuwafahamu watu 350 wa namna hiyo, hata katika jiji la watu milioni kumi. Kwa hiyo uhaba wa watu si maelezo ya kutosha ya upweke wa mseja katika mji mdogo. Ugumu uko katika njia ya kuwafikia. Jijini, njia kubwa siku hizi ni simu: utafiti wa Michael Rosenfeld na wenzake uliochapishwa 2019 ulikuta kwamba takriban asilimia 39 ya wapenzi wa jinsia tofauti waliokutana mwaka 2017 nchini Marekani walikutana mtandaoni, na kwamba njia ya kutambulishwa na marafiki, iliyoongoza kwa miaka mingi, imeshuka. Programu za kutafuta wachumba zinategemea wingi. Katika mji mdogo sura zinaanza kujirudia baada ya muda mfupi, na aliyekataliwa jana utakutana naye kesho benki. Hivyo mji mdogo bado unategemea zaidi njia ya zamani, ya mtu kumwambia mtu: kuna rafiki yangu ningependa umfahamu. Na hapo ndipo mgeni anapokwama. Njia inayofanya kazi inahitaji mtambulishaji, na mtambulishaji ndiye asiyekuwa naye. Kila ninaposikia mtu akilalamika kwamba mji wake hauna watu, nadhani mara nyingi anachokosa ni watu watatu au wanne wa kumtambulisha kwa hao wengine.

Basi swali la mwenza linageuka kuwa swali la urafiki, na kuhusu urafiki tunajua mambo ya kutosha. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT nchini Marekani, wakakuta kwamba urafiki ulifuata mno ukaribu wa milango na ngazi: watu walikuwa marafiki kwa sababu walipishana kila siku. Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria muda unaohitajika: saa 50 hivi za kuwa pamoja ili mtu atoke kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida, 90 hivi hadi urafiki kamili, na zaidi ya 200 hadi urafiki wa karibu. Ukizisoma tafiti hizi mbili pamoja unaona mara moja kwamba mgeni anahitaji saa nyingi, na anahitaji zipatikane bila kuzipanga moja moja. Hapa mji mdogo una faida ya kweli ambayo watetezi wake wenyewe huisahau kwa kushughulika na kodi ya nyumba. Mazoezi ya kwaya yakiwa dakika kumi kutoka nyumbani, utakwenda hata siku uliyochoka. Yakiwa mwendo wa saa moja na nusu kila upande, utakwenda mara mbili kisha utaacha, na saa zako zitaishia garini.

Lakini saa za mgeni peke yake hazitoshi. Lazima kuwe na mtu mwingine mwenye saa za kutoa. Wenyeji wa mji mdogo mara nyingi ni wakarimu kweli kweli na wakati huohuo wamejaa. Wana waliosoma nao shule ya msingi, wana mashemeji, wana ubatizo au harusi kila wiki ya tatu. Niliwahi kufanya kazi katika mji wa namna hiyo nikiwa kijana, na sikuwahi kukosa salamu asubuhi wala kukaribishwa kwenye sherehe. Nilichokosa ni mtu wa kumpigia simu jioni ya Jumapili bila sababu. Hakukuwa na ubaya wa mtu yeyote. Ukarimu ni jambo moja, na nafasi katika maisha ya mtu ni jambo jingine, na mji unaweza kuwa na la kwanza kwa wingi bila kuwa na la pili. Nafasi hupatikana kwa watu ambao nao wanatafuta, yaani wageni wenzako, na kwa wenyeji waliorudi baada ya kukaa mbali. Ndiyo maana mwendo wa watu ni kipimo bora kuliko idadi yao. Mji wa watu 80,000 wenye hospitali ya kufundishia, chuo na kiwanda kinachoajiri kutoka mbali huwa na kundi jipya la watu wasiojuana kila mwaka. Mji wa watu 200,000 ambao watoto wake wanaondoka na hakuna anayeingia unaweza kuwa mgumu zaidi kwa mgeni, ingawa kwenye ramani unaonekana mkubwa.

Kuna ushahidi mwingine unaonifanya nisiamini sana kelele za ukubwa. Mwaka 2014 Markus Schläpfer na wenzake walichapisha uchambuzi wa mawasiliano ya simu nchini Ureno na Uingereza. Walikuta kwamba kadiri mji unavyokuwa mkubwa, ndivyo mkazi wake anavyowasiliana na watu wengi zaidi kwa wastani. Ila uwezekano wa wale unaowasiliana nao kuwa wanajuana wao kwa wao haukubadilika na ukubwa wa mji. Kwa lugha nyingine, hata katikati ya jiji kubwa watu hujitengenezea kijiji chao na kuishi humo. Anayehamia jijini akidhani wingi utamfanyia kazi ya kujenga mahusiano atakuta kila kijiji kimeshafunga mduara wake kama kule alikotoka, isipokuwa vijiji vyenyewe ni vingi na kukataliwa na kimoja hakumfikishi popote pabaya. Hiyo nafasi ya kuanza upya ndiyo hasa faida ya jiji, na ni faida kubwa. Katika mji mdogo ukigombana na watu wa klabu moja ya mpira, huenda umegombana na klabu pekee. Ukiachana na mwenza, mtaendelea kutumia mtaa mmoja na marafiki walewale. Kwa wanawake vijana wanaoishi peke yao, na kwa yeyote ambaye maisha yake hayafanani na ya wengi, kufahamika na kila mtu kunaweza kuwa ulinzi leo na kuwa macho yasiyofumba kesho. Sidhani ipo kanuni moja ya kulipima hili. Najua tu kwamba wanaume wanaoshauri kuhusu miji hulitaja kwa nadra, na wanawake hulitaja kwanza.

Sasa nije kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayotolewa kwa sauti kubwa: kwamba mji haujalishi, kila kitu ni juhudi zako, na mtu mchangamfu atapata marafiki popote. Hoja hii inapendwa kwa sababu inamsifu aliyefanikiwa na haimgharimu chochote anayeitoa. Ingekuwa kweli, wanafunzi wale wa MIT wasingekuwa marafiki kwa kufuata ngazi za majengo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anakabiliwa na upweke, na kwamba vijana wako miongoni mwa walioathirika zaidi; hali iliyoenea kiasi hicho haiwezi kuelezwa kwa uvivu wa mtu mmoja mmoja. Tena hoja hii ina madhara. Kijana aliyejaribu kwa dhati katika mji uliofungika hukaa miaka akijilaumu, wakati angehama angeona kwamba tabia yake haikuwa na kasoro. Juhudi zina nafasi yake, na wazee waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe walielewa kwamba mgeni huingia kwa kushika kazi pamoja na wenyeji. Lakini lazima kwanza kuwe na shamba, na awepo wa kumkabidhi hilo jembe.

Kuhusu kazi nitasema machache, kwa kuwa mengi yamesemwa na wengine. Utafiti wa Jorge De la Roca na Diego Puga uliochapishwa 2017 kwa takwimu za Uhispania ulionyesha kuwa uzoefu unaopatikana katika majiji makubwa una thamani zaidi, na kwamba thamani hiyo mfanyakazi huondoka nayo hata akihamia mji mdogo baadaye. Hii ni sababu nzuri ya kuanzia jijini kwa wale ambao taaluma yao hukua kwa kuwatazama wengi waliowatangulia. Kwa upande wa pili kuna kazi ambazo mji mdogo humkabidhi kijana majukumu makubwa mapema, kwa kuwa hakuna foleni ndefu mbele yake. Daktari, mwalimu na mhandisi wanalijua hili. Hatari ambayo mseja anapaswa kuiangalia ni ya kutegemea mwajiri mmoja. Mahali penye mwajiri mmoja wa fani yako, kupoteza kazi ni kupoteza kipato, wenzako na sababu ya kuwa hapo, vyote siku moja, na nyumbani hakuna mshahara wa pili.

Ila ule ushauri wa kawaida, kwamba mji mdogo usubiri mpaka uoe au uolewe, naona kwa sehemu umegeuzwa juu chini. Mwaka 2000 Dora Costa na Matthew Kahn walionyesha kwamba nchini Marekani wanandoa wote wawili wakiwa na shahada walizidi kujazana katika majiji makubwa, na sababu kubwa waliyoitaja ni ugumu wa kupata kazi mbili za kitaalamu mahali pamoja. Mseja hana ugumu huo. Anahitaji kazi moja, chumba kimoja na uamuzi wa mtu mmoja, na akikosea anaondoka bila kumhamisha mtoto shule. Katika umri wote wa mtu mzima, huu ndio wakati ambao kuujaribu mji mdogo ni rahisi zaidi, mradi ajue kwamba anajaribu.

Kwa anayepima, basi, ningeshauri atazame mambo ambayo matangazo hayaonyeshi. Sensa hutoa idadi ya watu kwa umri na jinsia, nayo husema mengi. Mji wa chuo huwa na vijana tele wa miaka 18 hadi 24, kisha idadi inaporomoka; mwenye miaka 29 atawaona vijana kila kona na asimpate wa rika lake. Miji ya migodi na ya kambi za jeshi huelemea wanaume. Kinyume chake, baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, wanawake vijana waliondoka mikoa ya mashariki kwa wingi kuliko wanaume, na kuna sehemu ndogo ambazo zilibaki na pengo hilo kwa miaka mingi. Ajue pia treni au basi la mwisho kutoka jiji la jirani linaondoka saa ngapi, maana mji mdogo ulio karibu na jiji unakopa wingi wa jiji hilo ikiwa tu unaweza kurudi nyumbani usiku. Auone mji jioni ya siku ya kazi ya kawaida, wala si wakati wa tamasha. Na mtu wa kumwuliza ni yule aliyehamia akiwa peke yake miaka miwili au mitatu iliyopita. Mwenyeji hajawahi kuwa mgeni pale, na aliyefika mwezi uliopita bado anafurahia utulivu. Amwulize alimpataje rafiki wake wa kwanza, na waliofika pamoja naye wako wapi sasa. Ikiwa wote wameondoka, hilo ni jibu.

Tukirudi Tulsa, wengi waliosoma habari zake waliziona dola 10,000 na wakaishia hapo. Halmashauri nyingine zimeiga kiasi au sehemu yake, zikitarajia matokeo yaleyale. Kinachosahaulika ni kwamba mpango ule uliwapa wahamiaji nafasi ya kufanyia kazi pamoja na shughuli za kuwakutanisha, nao wakafika wakiwa wengi. Zaidi ya 3,000 wameshahamia kupitia huo. Mtu hakuingia kama mgeni pekee katika mji uliojaa ukoo. Aliingia pamoja na wengine ambao nao jioni zao zilikuwa wazi. Fedha humleta mtu kwa mwaka mmoja wa mkataba. Halmashauri inayotaka abaki mwaka wa pili ina kazi isiyo na mvuto wa matangazo: kuruhusu zijengwe nyumba ndogo za kupanga za mtu mmoja badala ya nyumba za familia tu, kuacha maktaba na kumbi wazi usiku, kuwapokea wageni kwa makundi badala ya mmoja mmoja, na kulipia basi la saa nne usiku hata likirudi na abiria sita.